Mikono Mitupu na Ulimi wa Mama: John Kani Jukwaani

(Hotuba kwa vijana wa kikundi cha maigizo, Mombasa, siku ya kuanza mazoezi ya msimu)

Wazee wangu mliokaa mbele, walimu wenzangu, na nyinyi wanangu mliobanana kwenye mabenchi huko nyuma, hamjambo.

Niliombwa nizungumze juu ya kazi ya mwigizaji kwa jumla. Nikakaa na karatasi siku tatu, na kila nilipoandika juu ya mwigizaji wa jumla maneno yalikauka, kwa sababu mtu huyo hayupo. Hajazaliwa popote, hana mama, hana mtaa. Basi nimewaletea mtu mmoja tu, mwenye mama na mtaa.

Nyinyi mmeshakutana naye bila kumjua jina. Katika ile filamu ya simba iliyotolewa upya mwaka 2019, yule nyani mzee Rafiki, mwenye jina letu la Kiswahili, sauti yake ni ya huyu bwana. Na katika filamu za Wakanda, Mfalme T'Chaka, baba yake T'Challa, ni yeye. Anaitwa Bonisile John Kani. Mkimjua kwa hayo mawili peke yake mtakuwa mmeona ncha ya mkia mkadhani mmemwona ng'ombe.

Kani alizaliwa tarehe 30 Agosti 1943 huko New Brighton, kitongoji cha Waafrika kando ya mji wa Port Elizabeth, ambao tangu 2021 unaitwa Gqeberha. Lugha ya nyumbani kwao ni Kixhosa. Mwaka 1965 alijiunga na kikundi kilichoitwa Serpent Players, yaani waigizaji wa nyoka. Jina hilo lilitokana na ukumbi wao wa kwanza: shimo lililokuwa likifugiwa nyoka, likaachwa tupu. Nawaambia hili kwa makusudi, maana nimesikia manung'uniko juu ya ukumbi wetu huu kwamba feni haizunguki na pazia limechanika. Wenzenu walianzia kwenye shimo la nyoka.

Walikuwa watu wa kazi za mchana. Walikutana jioni baada ya jasho, wakafanya mazoezi na mwandishi mmoja mzungu, Athol Fugard, katika nchi ambayo kukaa chumba kimoja namna hiyo kulitosha kuwaita polisi. Polisi walikuja kweli. Mwenzao mmoja alikamatwa akapelekwa kisiwa cha Robben, gereza la wafungwa wa siasa. Mwingine angeacha. Kani hakuacha, na katika kikundi hicho akampata mtu aliyekuja kuwa nusu yake ya pili jukwaani, Winston Ntshona.

Sasa nisikilizeni vizuri, maana hapa ndipo penye kiini cha yote niliyokuja kusema.

Kani na Ntshona walipoamua kuacha kazi za kuajiriwa ili waigize tu, waligundua kwamba kwa sheria ya makaburu hapakuwa na kazi hiyo. Mwafrika aliruhusiwa kuwa mtumishi, kibarua, mchimba migodi. Mwigizaji hakuwamo katika orodha. Kwa hiyo katika makaratasi ya serikali wakaandikishwa kuwa watumishi wa nyumbani kwa Fugard. Watu wawili ambao baada ya miaka michache wangesimama New York kupokea tuzo walitembea mitaani kwao na karatasi inayosema wanamhudumia mzungu nyumbani. Nikilifikiria jambo hili naumia kifuani hata leo.

Wakafanya nini? Wakalichukua karatasi lenyewe wakalitengenezea mchezo.

Hapa kwetu Kenya wazee waliliita kipande. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, mwanamume Mwafrika alilazimishwa kubeba kipande kwenye kikopo cha chuma shingoni, ndani yake jina, alama za vidole, na kila mwajiri aliyewahi kumtumikisha. Babu zenu walisema walifungwa kengele kama mbuzi. Afrika Kusini kilikuwa kitabu cha pasi, na bila muhuri wa ruhusa ndani yake mtu hakuwa na haki ya kulala mjini hata usiku mmoja.

Mwaka 1972, Cape Town, Kani, Ntshona na Fugard wakatoa Sizwe Bansi Is Dead. Mbegu yake ilikuwa picha tu, picha ya studio ya mwanamume mmoja aliyevaa vizuri, ana sigara mkono mmoja na kiko mkono wa pili, anatabasamu. Wakajiuliza: huyu anatabasamu nini katika nchi hii? Jibu lao ndilo lililozaa mchezo. Sizwe Bansi amekuja mjini kutafuta kazi, muhuri wake umekwisha muda, ameamriwa arudi shambani. Usiku mmoja yeye na mwenyeji wake, Buntu, wanamkuta maiti kichochoroni. Maiti ana kitabu chenye ruhusa nzuri. Buntu anambandua marehemu picha na kumbandika Sizwe. Ili mtu aishi na kulisha watoto, inabidi jina lake life. Je, akubali?

Ntshona alikuwa Sizwe. Kani alikuwa Buntu, na kabla ya Buntu alikuwa Styles, mpiga picha mwenye maneno mengi kuliko kamera yake. Styles anafungua mchezo peke yake, na gazeti mkononi. Lilikuwa gazeti la siku hiyo hiyo, Kani akisoma vichwa vya habari vya asubuhi na kuvitolea maneno papo hapo. Kisha anasimulia alivyokuwa kibarua katika kiwanda cha magari cha Ford, siku ambayo mkubwa kutoka Marekani alikuja kukitazama. Sakafu ikasuguliwa, vibarua wakapewa nguo mpya, wakafundishwa kuimba na kutabasamu, na mkubwa akaingia, akapiga hatua chache, akatoka. Msimamizi mzungu alimtaka Styles awatafsirie wenzake hotuba ya kuwaandaa. Styles akatafsiri, lakini kila sentensi akaiongezea chumvi yake, vibarua wakacheka, na msimamizi akaridhika kwamba ameeleweka.

Kani mwenyewe alikuwa amefanya kazi katika kiwanda cha magari. Vicheko vile alivisikia kwa masikio yake. Ndiyo maana nawasihi, wanangu, msidharau kazi za mchana mnazofanya. Wewe unayebeba mizigo Kongowea, na wewe unayekata tiketi kwenye matatu, mna hazina ambayo hakuna chuo kinachoweza kuwapa.

Walipoupeleka mchezo nyumbani New Brighton yalitokea mambo. Ulipofika pale Sizwe anapotakiwa kuamua juu ya kitabu cha marehemu, watazamaji hawakungoja. Wakainuka. Akubali! Asikubali! Watu wakabishana wao kwa wao, waigizaji wakasimama wakiwasubiri wamalize, kisha mchezo ukaendelea. Nimeigiza na kuongoza michezo kwa zaidi ya miaka thelathini na sijapata heshima kama hiyo hata mara moja. Naitamani bado.

Mwaka uliofuata, 1973, wakaja na The Island. Hapo mwanzo hawakuthubutu kuupa jina hilo, kwa kuwa mambo ya gereza la Robben hayakuruhusiwa kusemwa hadharani, wakauita kwa jina la kuficha. Wahusika ni wafungwa wawili wa chumba kimoja, nao wanaitwa John na Winston. Walitumia majina yao wenyewe. Mchezo unaanza bila neno. John anachimba mchanga, anaujaza kwenye toroli, anausukuma hadi anapochimba Winston na kuumwaga. Winston naye anachimba, anajaza, anasukuma, anamwaga anapochimba John. Mchanga haupungui. Na jukwaani hakuna mchanga, hakuna koleo, hakuna toroli. Kuna miili miwili tu, na mchezo huo bubu unaendelea kwa muda mrefu mpaka mtazamaji naye anaanza kuchoka mgongo.

Wafungwa hawa wanajiandaa kuwaigizia wenzao tamthilia ya Wagiriki wa kale, Antigone, ile ya msichana aliyemzika kaka yake ingawa mfalme alikataza. Jambo hilo halikutungwa hewani. Yule mwenzao aliyefungwa kisiwani aliiigiza kweli huko gerezani, na Mandela naye katika maisha yake ya kifungo aliwahi kuigiza sehemu ya mfalme Kreoni. Katika mchezo, Winston ndiye anayepaswa kuwa Antigone. Anavaa nywele za kamba na matiti ya bandia. John akimwona anaanguka kwa kicheko. Winston anakasirika, anavua, anasema hataki kuwa kichekesho cha gereza zima. Na hapo John anamfundisha jambo ambalo kila mwigizaji anapaswa kufundishwa: watacheka, ndiyo, waache wacheke, lakini kicheko kitafika mwisho, na kikifika mwisho watasikiliza maneno.

Vijana wa kiume hapa mnaokataa sehemu za wanawake, na mnaokataa sehemu za wazee, mmenisikia.

Halafu John anapata habari kuwa kifungo chake kimepunguzwa, amebakiza miezi mitatu. Winston amefungwa maisha. Anamkumbatia mwenzake kwa furaha, na usiku ile furaha inageuka sumu. Kuna sehemu Winston anaeleza siku ya John kutoka, atakavyolakiwa, atakavyokunywa, atakavyolala na mwanamke, na kila neno ni kisu. Hakuna anayepiga kelele. Ukiweza kuigiza sehemu hiyo bila kupiga kelele, umeshakuwa mwigizaji.

Michezo hii miwili ilikwenda London, kisha New York, na mwaka 1975 Kani na Ntshona wakapewa Tony, tuzo kubwa ya jukwaa la Marekani, ya mwigizaji bora wa kiume. Tuzo moja, majina mawili. Ntshona alifariki tarehe 2 Agosti 2018.

Wangeweza kubaki ughaibuni. Walirudi, na Oktoba 1976 wakauigiza Sizwe Bansi huko Transkei, eneo ambalo serikali ya makaburu ilikuwa inajiandaa kulitangaza kuwa nchi huru. Wakakamatwa na kuwekwa kizuizini. Waigizaji na watu wa jukwaa nchi za nje wakapiga kelele, wakaachiliwa.

Mwaka huo huo wa 1976, mwezi Juni, siku chache tu baada ya watoto wa Soweto kupigwa risasi, Barney Simon na Mannie Manim walifungua Market Theatre katika jengo la soko la zamani la matunda mjini Johannesburg. Weusi na weupe waliketi pamoja humo, jambo ambalo nchi nzima ilikuwa imelikataza. Kani akapafanya nyumbani. Baadaye yeye na Simon walianzisha hapo mafunzo ya vijana waliokosa mlango wa chuo, na leo ukumbi mkuu wa jengo hilo una jina lake.

Nataka niseme juu ya mwaka 1985, ingawa mama mmoja aliniomba nisiwatie vijana majonzi. Mwaka huo Kani aliigiza katika Miss Julie, mchezo wa Msweden Strindberg juu ya binti wa bwana na mtumishi wa nyumba. Aliyeigiza binti alikuwa mzungu, Sandra Prinsloo, na wakabusiana mbele ya watu. Baadhi ya watazamaji weupe waliinuka na kutoka. Polisi nao waliwahi kumpiga hadi akapoteza jicho la kushoto. Lile mnaloliona katika filamu ni la bandia. Na mwaka huo wa 1985 mdogo wake wa kiume, Xolile, aliuawa kwa risasi za polisi.

Miaka miwili baadaye, 1987, Janet Suzman alimwongoza katika Othello pale Market. Mtu mweusi, mume wa mwanamke mweupe, kitandani, Johannesburg. Sheria ya kukataza ndoa hizo ilikuwa imefutwa 1985, lakini sheria hufutwa kwa kalamu, macho ya watu hayafutwi hivyo. Kani alisimama mbele ya macho hayo kila usiku, akiwa amebaki na jicho moja.

Filamu nitazipita haraka. The Wild Geese ya 1978, wote wawili na Ntshona wamo. A Dry White Season ya 1989. Sarafina! ya 1992, akiwa mwalimu mkuu. The Ghost and the Darkness ya 1996 inatuhusu sisi, kwani ni kisa cha simba wa Tsavo waliokula watu wa reli mwaka 1898, hapo tu unapokwenda Nairobi, na Kani ndiye Samuel, anayekisimulia kisa chenyewe. Picha zilipigwa Afrika Kusini, na mtu wa Voi anayajua mandhari yake, hadanganyiki. Lakini sauti ya msimulizi naipenda.

Nirudi kwa mdogo wake. Kani alikaa na kifo kile miaka kumi na saba. Mwaka 2002 akatoa mchezo alioandika peke yake, Nothing But the Truth, akauigiza mwenyewe. Sipho Makhaya ni mkutubi wa New Brighton, mtu mpole aliyengoja maisha yote apandishwe kuwa mkuu wa maktaba. Kaka mdogo, Themba, alikimbilia London akasifiwa kuwa shujaa. Sasa amefariki, na binti yake anamrudisha. Sipho amekodi gari la maiti, ametayarisha kaburi, ukoo unangoja jeneza. Binti anatoa chombo kidogo cha majivu. Wamemchoma! Atawaonyesha nini wazee? Atazungumza vipi na mababu?

Ukumbi unacheka hapo, wanangu, na ni haki ucheke. Halafu taratibu inajitokeza kwamba shujaa yule alimnyang'anya Sipho kila kitu tangu utotoni, na kwamba Sipho ana mtoto wake mwenyewe aliyeuawa na polisi ambaye hakuna aliyemwandikia wimbo. Nchi ilikuwa inamaliza shughuli za Tume ya Ukweli na Maridhiano, watu wakubwa wamesamehewa mbele ya kamera. Kani akauliza juu ya msamaha wa ndani ya nyumba, kati ya ndugu na ndugu. Baadaye akautengenezea filamu, akaiongoza yeye, na mwaka 2009 ikapata nafasi ya pili katika FESPACO, tamasha la filamu za Afrika kule Ouagadougou. Kati ya kazi zake zote, hii ndiyo ninayoirudia. Mimi pia nina kaka.

Haya, Wakanda. Alipoitwa kuwa T'Chaka katika Captain America: Civil War ya 2016, palikuwa na mfalme na mwanawe kutoka nchi ya kubuni, na nchi hiyo haikuwa na lugha. Kani akasema lugha yake, Kixhosa. Wakubwa wa filamu wakakubali, Chadwick Boseman akajifunza maneno yake, na Kixhosa kikawa lugha ya Wakanda. Filamu ya Black Panther ilipotoka 2018, Lupita Nyong'o, binti yetu Mjaluo, ilimbidi azungumze Kixhosa. T'Chaka kijana aliigizwa na Atandwa Kani, mwanawe John wa kumzaa. Fikirini umbali huo: lugha waliyoitumia Styles na wenzake kiwandani kucheka bila bwana kuelewa, sasa inasemwa na mfalme mbele ya dunia nzima.

Na kuna hadithi nyingine ya lugha. Mwaka 2019, huko Stratford alikozaliwa Shakespeare, Kani alitoa mchezo wake Kunene and the King, akiwa na Antony Sher. Mwigizaji mzungu anakufa kwa ugonjwa wa ini, bado anang'ang'ania kujifunza maneno ya Mfalme Lear. Muuguzi anayetumwa nyumbani kwake ni Lunga Kunene, Mwafrika. Mzungu anadhani Shakespeare ni mali yake. Kunene anamwambia alimsoma Julius Caesar shuleni, kwa Kixhosa, katika tafsiri ya Mdledle.

Niliposoma hilo niliweka kitabu chini. Nilikuwa na miaka kumi na sita niliposimama darasani kusoma hotuba ya Antonio, na niliisoma kwa Kiswahili cha Mwalimu Nyerere, aliyemtafsiri Kaizari mwaka 1963. Kwa miaka mingi niliona haya kidogo kukiri kwamba nilimjua Kaizari kwa Kiswahili kabla ya Kiingereza, kana kwamba nilipita mlango wa jikoni. Kani alipita mlango huo huo, akafika nao Stratford kwenyewe.

Watu husema mwigizaji mwenye sura nyingi ni kinyonga. Sikubaliani nao juu ya Kani. Amekuwa mpiga picha, mfungwa, mtumishi, jemadari, mkutubi, muuguzi, mfalme na nyani, na katika kila mmoja wao namsikia mtu wa New Brighton. Hakubadilika rangi. Alikwenda na nyumba yake.

Basi nimemaliza kuzungumza, tuanze kazi. Nawataka wawili. Wewe Mpemba wa benchi la tatu, na wewe binti mwenye leso ya manjano. Vueni viatu. Mmoja upande huu, mmoja ule. Hakuna koleo, hakuna toroli, hakuna mchanga. Chimbeni, jazeni, sukumeni, mwageni anapochimba mwenzako. Dakika kumi, bila neno. Nitawaambia lini mwache.